Je, Ishara ni Ziada ya Lugha? Uhakiki kwa Kutazama Maongezi ya Mtwara na Mlango wa Mto Ruvuma

Katika vitabu vya kufundishia fasihi simulizi limo neno "viziada lugha". Kwa neno hilo hukusudiwa ishara za mikono, miondoko ya mwili, mikunjo ya uso, mtazamo wa macho, na hata kupanda na kushuka kwa sauti ya msimulizi. Neno limeenea, wanafunzi hulikariri, watahini huliuliza, na hapana shaka ya kuwa waliolitia vitabuni walikuwa na nia njema ya kumkumbusha msomaji kwamba hadithi haisimuliwi kwa ulimi peke yake. Walakini istilahi si jina tupu. Istilahi ni hukumu. Kuita kitu ziada ni kusema ya kuwa kitu kile kikiondolewa, kinachobaki ni kizima. Yafaa basi kuuliza kama hukumu hiyo ni ya haki, na kama kamusi na sarufi zilizotungwa tangu karne ya kumi na tisa zimeitendea haki ile sehemu ya Kiswahili isemwayo kwa mwili.

Mizani ya uhakiki huu ni maongezi ya kila siku ya pwani ya kusini: Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati, na vijiji vilivyo karibu na mlango wa mto Ruvuma. Pwani hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, macho ya watungaji wa kamusi yalielekea Unguja, Mombasa na Mrima. Kusini kulitazamwa kwa mbali. Pili, hapo ndipo lugha nyingi zinapokutana. Kiswahili hukaa na Kimakonde, Kimakua na Kimakwe. Ng'ambo ya mto wamo Wamwani, na juu yao Kireno cha serikali. Bandari iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, biashara ya korosho, na baadaye gesi ya Mnazi Bay, vyote vimeleta wageni wa kila upande. Mahali penye ndimi nyingi mkono haukosi kazi, na mahali penye wageni wengi ishara iliyofahamika vibaya haikosi kuleta ugomvi.

I. Neno lisilokamilika bila mkono

Sentensi hii ni ya kawaida kwa wavuvi: "Jana tulipata changu wakubwa hivi." Ikiisha kuandikwa, nusu yake imekufa. Neno "hivi" kwa sarufi ni kionyeshi, lakini katika karatasi halionyeshi kitu. Mvuvi anaposema hunyosha mkono mmoja mbele, akauweka ubavu wa kiganja cha pili juu yake: kwenye kifundo, au katikati, au karibu na kiwiko. Hapo mkono ulipokatwa ndipo ukubwa wa samaki ulipo. Asiyeutazama mkono hakuambiwa neno. Mtu asiyeona aliyesimama karibu naye atauliza mara moja, "Wakubwa vipi?", na swali lake ni ushahidi ya kuwa sentensi ile haikuwa nzima kwa sikio.

Si "hivi" peke yake. "Hapa", "pale", "kule", "huyu" na "yule", kila yanaposemwa juu ya kitu kilichopo mbele ya wasemaji, hudai kidole, kidevu au midomo. Kadhalika saa. Mzee akisema "Njoo jua likiwa pale", na mkono wake umeinuliwa kuelekea mahali fulani mbinguni, amesema saa yenyewe. Mkono ukiondolewa amesema kwamba jua litakuwa mahali, jambo lisilohitaji kuambiwa mtu. Sarufi hufundisha ya kuwa maneno haya huonyesha ukaribu na umbali. Ni kweli, lakini ni kweli pungufu, kwa kuwa neno hutaja umbali tu, na mkono ndio utajao mahali.

Tazama pia maneno ambayo walimu huyaita tanakali za sauti. Kitu hujaa pomoni, giza huwa totoro, nguo huwa nyeupe pe, watu hunyamaza jii. Msemaji wa pwani ni nadra kuyatamka maneno hayo huku mikono yake imelala. Kwa "pomoni" ngumi ya mkono mmoja huweza kupigwapigwa juu kwa kiganja cha mkono wa pili, ishara ijulikanayo katika pande nyingi za Afrika Mashariki. Ishara hiyo hutosha bila neno lolote: utingo aliye mlangoni mwa basi huwaonyesha wanaosubiri barabarani, nao hufahamu kwamba hakuna nafasi, wala hawamsikii kwa sababu ya mlio wa injini. Ikiwa ishara yaweza kusimama peke yake pale ambapo neno haliwezi kufika, ni vigumu kueleza ni kwa nini ishara ndiyo iwe ziada na neno ndilo liwe asili.

II. Ishara zilizogeuka maneno

Ushahidi wa pili umo ndani ya msamiati wenyewe. Yako maneno ya Kiswahili ambayo kwa asili yake ni ishara iliyogeuzwa kuwa sauti. "Shikamoo" huelezwa ya kuwa imetokana na "nashika miguu". Mwili ulipoacha kuinama hata chini, neno lilibaki likiinama badala yake. Katika nyumba nyingi za Mtwara mtoto aliyelelewa vyema bado hukunja goti kidogo, au huinamisha kichwa, anapolitamka. Mtoto akilitamka kwa sauti kavu huku ameupa mgongo upande wa mzee, kamusi itasema ameamkia, lakini mzee atasema hakuamkiwa. Mzee ndiye aliye sawa.

Mkono wa kulia huelezwa ya kuwa ni mkono wa kulia chakula. Kwa hiyo jina lake limebeba desturi, na desturi ndiyo inayomkataza mtu mwenye adabu kumpa mwenziwe kitu kwa mkono wa kushoto bila ya kuomba radhi. Kidole cha shahada kina jina hilo kwa sababu ndicho kinachoinuliwa Mwislamu anaposhuhudia upweke wa Mungu katika sala. Neno "mkono" lenyewe limekuwa jina la salamu: mtu hupewa mkono wa Idi, mkono wa heri, mkono wa tanzia. Hapo haulizwi mtu ni maneno gani yaliyosemwa. Mkono ndio ujumbe, na maneno ndiyo yanayoufuata.

Hesabu nayo ina habari kubwa. Kabla ya sita, saba na tisa za Kiarabu kushika nafasi, Kiswahili kilikuwa na tandatu, fungate na kenda. Fungate imebaki kama jina la siku saba za arusi. Katika tandatu wengi wameona tatu na tatu, na katika nane wameona nne na nne. Wako pia wataalamu wa lugha za Kibantu walioieleza fungate kuwa ni "funga tatu", yaani vidole vitatu vikikunjwa, saba hubaki. Rai hizi hazikukubaliwa na wote, lakini zinapata nguvu kwa vile Wasambaa wanavyoonyesha hesabu kwa mikono: sita kwa vidole vitatu vya kila mkono, saba kwa vinne na vitatu, nane kwa vinne na vinne. Maneno yanaonekana kuwa ni sauti ya vidole.

Kwa Wamakonde njia ni nyingine. Paulus Gerdes, mtaalamu wa hisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, ameeleza ya kuwa Wamakonde wa kaskazini ya nchi hiyo huanza kwa mkono wa kulia wakisaidiwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Tano ni ngumi ya mkono wa kulia. Kuanzia sita hata tisa mikono hubadilishana kazi. Na kumi ni ngumi mbili zilizokutanishwa. Lugha yao nayo hutaja sita kwa kusema tano na moja, kama mkono unavyoonyesha. Kwa hiyo katika soko moja la Mtwara yaweza kukutana mikono ya namna mbili au tatu juu ya bei moja. Ngumi moja ya Mmakonde ni tano. Mbele ya mgeni asiyejua, ngumi ni tishio, au si kitu. Kamusi ya Kiswahili inampa mgeni huyo neno "tano" na kumwacha hapo.

III. Jicho, mdomo na adabu

Sehemu iliyo ngumu zaidi, na ambayo makosa yake ni mazito, ni ile ya jicho na mdomo. Kiswahili kina utajiri wa misemo ya macho: kukodoa macho, kukaza macho, kutupa jicho, kukata jicho, kukonyeza, kupepesa, macho makavu. Kamusi nyingi huyapokea maneno haya na kueleza jinsi kope zinavyokwenda. Linalokosekana ni sheria ya matumizi: nani amfanyie nani, wapi, mbele ya nani. Kumkazia macho rika si kosa. Kumkazia mkubwa anapokukanya ni ufidhuli, ndiyo maana mtu asiye na haya huitwa mwenye macho makavu. Mtoto wa Msimbati anayeinamisha uso mbele ya mwalimu wake anasema kwa mwili, "Nakusikia na nakuheshimu." Mwalimu aliyefundishwa kwa vitabu kwamba mkweli humtazama mtu usoni huweza kukisoma kitendo kile kuwa ni kukiri kosa. Hapo mtoto hupata adhabu kwa sababu ya adabu yake, na hakuna kitabu cha Kiswahili ambacho mwalimu yule angekifungua kikamwonya.

Kusonya, au kufyonya, ni mfano mwingine. Ni sauti, lakini si neno. Ni ishara, lakini husikika gizani. Midomo hubanwa na hewa huvutwa kati ya meno. Aghalabu huelezwa ya kuwa ni alama ya dharau. Maelezo hayo ni nusu ya habari. Mtu aliyesahau ufunguo nyumbani husonya akiwa peke yake njiani, wala hamdharau mtu, amejikasirikia. Wauzaji wawili wa dagaa husonyana kwa utani, wakacheka, wakagonga viganja. Lakini mtoto akimsonya mama yake, hata kwa sauti ndogo, kosa lake ni sawa na tusi. Tofauti ya vitendo hivi haimo katika midomo. Imo katika daraja za watu waliopo, na daraja hizo ndizo ambazo kamusi haizitaji.

Ishara hizi mbili, kusonya na kukata jicho, zimesafiri mbali. Mwaka 1976 John Rickford na Angela Rickford walichapisha uchunguzi wao juu ya watu weusi wa Guyana, Jamaica na Marekani, wakaonyesha kwamba vitendo hivyo ni urithi wa Afrika uliovuka bahari pamoja na watumwa, hata pale ambapo lugha za wazee zilisahauliwa. Katika Jamhuri ya Dominika vilevile watu huelekeza kwa midomo, kama mama wa Mikindani anavyoelekeza kwa kuibetua midomo yake pale anapotaka kumtaja mtu bila ya kumnyoshea kidole. Wasemaji wale wamepoteza maneno ya babu zao. Midomo na macho vimebaki. Je, kitu kinachodumu baada ya lugha kufa chaweza kuitwa ziada ya lugha?

Kushika tama kuna jambo la peke yake. Kuegemeza shavu katika kiganja ni dalili ya huzuni, na wazee huwakataza watoto wasikae hivyo, kwa kuwa ni kuita msiba. Kadhalika kuweka mikono miwili juu ya kichwa, kwani hivyo ndivyo anavyofanya aliyefiwa. Neno "tama" ni nadra kusikika nje ya msemo huo. Kwa maneno mengine, neno hili linaishi kwa sababu kitendo kinaishi; watoto wakiacha kukatazwa, kitendo kitapoteza maana, na neno litabaki katika kamusi kama gamba la konokono.

Mwisho katika sehemu hii yapasa kutajwa kimya, kwani kimya nacho ni kitendo cha mwili. Wakazi wengi wa pwani hii ni Waislamu, na katika sheria ya ndoa ya Kiislamu kimya cha bikira aliyeulizwa huhesabiwa kuwa ni idhini yake. Mafakihi wenyewe hawakukiacha kimya hicho bila ya kukichunguza: wamejadili kicheko, wamejadili machozi, wamejadili kilio cha sauti, ipi katika dalili hizo ni haya na ipi ni kukataa. Hapa maisha ya mtu huamuliwa na uso wake. Waliotunga sheria waliona wajibu wa kuisoma ishara kwa uangalifu wa neno. Waliotunga kamusi hawajauona.

IV. Kazi za waliotangulia

Si haki kusema ya kuwa hakuna aliyeangalia. Kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870, kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882, kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na kamusi kubwa ya padre Charles Sacleux iliyoanza kutoka mwaka huohuo na kuangalia lahaja kuliko nyingine zote, zote hizo zina vitenzi vya mwili kwa wingi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilizifuata, na faida yake kubwa ni kwamba ilieleza Kiswahili kwa Kiswahili. Lakini kosa ni moja kwa wote: ishara ilipokelewa pale tu ilipokuwa na jina. Kukonyeza kumeingia kwa sababu kuna kitenzi. Mkono ukatwao juu ya mkono kuonyesha kimo cha samaki haukuingia, kwa kuwa hauna jina. Na ngumi ya tano haikuingia, kwa sababu hiyohiyo. Wakusanyaji walitega sikio, hawakutega jicho, na hali wahenga wamesema mwenye macho haambiwi tazama.

Mfano ulio wazi kabisa wa mtengano huu ni safari ya Karl Weule. Mjerumani huyu alizunguka kusini-mashariki ya koloni la Wajerumani mwaka 1906, akafika kwa Wamakonde, naye alichukua mashine ya kunasa sauti na mashine ya picha za kwenda. Sauti zilinaswa katika mitungi ya nta, na ngoma zikanaswa katika picha. Mashine moja ilichukua sauti isiyo na mwili, ya pili ikachukua mwili usio na sauti. Lawama ya Weule katika jambo hili ni ndogo, kwa kuwa vyombo vya zama zake havikuweza zaidi. Lakini wataalamu wa lugha waliendelea na mgawanyo huohuo kwa miongo mingi baada ya vyombo vyenye kuchukua vyote viwili kupatikana, na hilo halina udhuru.

Hatua ya kweli ilikuja baadaye. Chet Creider alieleza ishara za Afrika Mashariki mwaka 1977, na mifano yake ilikuwa zaidi ya Kenya. Mwaka 1985 Carol Eastman na Yahya Ali Omar walichapisha London makala juu ya ishara za Waswahili, wakazigawa katika vielezi na viingizi. Na katika miaka hiyohiyo Claessen alichunguza mienendo ya mwili katika mazungumzo ya wasemaji wazawa. Makala ya Eastman na Yahya yastahili sifa kwa jambo moja hasa: majina waliyoyachagua ni ya sarufi. Kielezi na kiingizi ni aina za maneno. Kwa kuzipa ishara majina hayo, waandishi hawa walikiri ya kuwa ishara ina nafasi ndani ya tungo, haining'inii nje yake. Ni kinyume kabisa cha "viziada".

Hata hivyo yako mambo mawili ya kusahihisha. La kwanza, ujuzi wa Yahya Ali Omar, uliokuwa mpana na wa kuaminika, ulikuwa ni wa mtu wa Mombasa. Kuziita ishara hizo za Waswahili bila ya kikomo ni kurudia lile lililotendwa katika msamiati, yaani kuchukua mji mmoja ukawa pwani nzima. La pili, aina mbili hazitoshi. Kusonya kwa mtu aliyesahau ufunguo ni kiingizi. Kusonya kwa mtoto mbele ya mama yake ni jibu kamili, lenye mtendaji na mtendewa. Na mkono unaokamilisha "hivi" si kielezi kinachoongezwa juu ya tungo iliyotimia, bali ni kiungo ambacho tungo haisimami bila yake. Aina ya tatu yahitajiwa, ya ishara timilizi, na pwani ya Ruvuma ina mifano ya kutosha ya kuianzisha.

Kazi ya Rose Marie Beck juu ya kanga, iliyochapishwa mwaka 2001, imefungua mlango mwingine. Mwanamke aliyevaa kanga yenye maneno makali anaweza kukana kwamba amemsema jirani yake: yeye amevaa nguo tu. Ishara nyingi za uso zina fadhila hiyohiyo. Midomo iliyobetuliwa haiwezi kupelekwa barazani kama ushahidi. Uhuru huu wa kusema bila ya kusema si upungufu wa ishara. Ni kazi yake, na neno lililotamkwa haliwezi kuifanya.

V. Hoja za wanaotetea neno "ziada"

Yafaa kusikiliza upande wa pili. Hoja yao ya kwanza ni kwamba ishara za maongezi hazina sarufi; yenye sarufi ni Lugha ya Alama ya Tanzania itumiwayo na viziwi, nayo ni lugha kamili iliyokwisha kutungiwa kamusi yake. Hoja hii ni ya kweli katika sehemu yake ya mwisho, na hapana budi kuzitenga ishara za wasikiao na lugha ya viziwi. Lakini haitokani na hayo ya kuwa ishara za wasikiao hazina kanuni. Mkono wa kuitia mtu huelekeza kiganja chini na vidole huvuta kuelekea kwa mwitaji; kidole kimoja kikipindwa na kiganja kikaelekea juu, aitwaye hujiona ametukanwa. Hiyo ni kanuni, ina kosa na ina sahihi, kama ngeli za majina zilivyo na kosa na sahihi.

Hoja ya pili ni kwamba "ziada" kwa asili ya Kiarabu ni ongezeko, na ongezeko ni neema, si takataka. Kwa maana ya asili ni sawa. Lakini neno hupimwa kwa matumizi yake ya leo, na mwanafunzi wa leo akiambiwa ziada hufahamu kitu kinachoweza kuachwa. Ndivyo anavyofanya katika mtihani: hutaja viziada lugha katika mstari wa mwisho wa jibu lake, akaviacha hapo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito: kamusi haiwezi kubeba kila kitu, na ishara hubadilika kutoka kijiji hata kijiji. Ni kweli. Lakini matamshi nayo hubadilika, na hayo hayakuwazuia wanakamusi. Walichagua, wakaeleza, wakatia alama ya lahaja. Lililowezekana kwa ulimi halishindikani kwa mkono.

VI. Lipasalo kutendwa

Kwanza, istilahi "viziada lugha" yafaa iachwe, na mahali pake litumiwe neno lisilotoa hukumu kabla ya uchunguzi. "Ishara za mwili" latosha, nalo lina faida ya kufahamika na kila mtu.

Pili, kila kitomeo cha kamusi kinachohusu ishara kitaje mambo manne: umbo la kitendo, watu waruhusiwao na wasioruhusiwa kukifanya, neno linaloambatana nacho ikiwa lipo, na mahali kinapotumika. Kwa mfano, "kusonya" kisielezwe kwa dharau peke yake, bali ielezwe ya kuwa mbele ya mkubwa ni tusi, baina ya marika yaweza kuwa mzaha, na kwa mtu aliye peke yake ni kujilaumu. "Hivi" nayo iandikiwe wazi kwamba, inapotaja kiasi cha kitu, haitimii bila ya ishara. Ishara zisizo na jina zipewe picha.

Tatu, ukusanyaji uanze kusini, na ufanywe kwa vyombo vinavyochukua sauti na mwili pamoja, katika mahali pa kawaida: sokoni, ufukoni, barazani, kivukoni. Mto Ruvuma usihesabiwe kuwa ni mpaka wa uchunguzi huu, kwa kuwa Wamakonde na Wamakua wako pande zote mbili. Wala wakusanyaji wasiende kutafuta maajabu ya unyago na mapiko peke yake. Mchezaji wa mapiko mwenyewe huiga mwendo na mikono ya watu wa kila siku, na watu hao wa kila siku ndio asili yake.

Jambo hili si la wanakamusi peke yao. Shahidi husimama mahakamani akasema, "Alinishika hapa, akanipiga hivi." Hakimu mwangalifu huandika kwamba shahidi ameonyesha bega la kushoto na kwamba amefanya kitendo cha kusukuma. Asiyekuwa mwangalifu huandika maneno yalivyotamkwa, na kesi ikifika kwa hakimu wa rufani asiyemwona shahidi, "hapa" si mahali na "hivi" si namna. Mtu huweza kupoteza haki yake kwa sababu karani aliandika Kiswahili chote alichokisikia na hakuandika hata kimoja alichokiona. Kabla ya ishara kuendelea kuitwa ziada, yafaa waitao hivyo waulizwe mtu huyo alipungukiwa na nini.